Picha ya macho haiwafanyi watu wakarimu
Dhana kwamba ukibandika picha ya macho ukutani watu watatoa zaidi ilivuma mwaka 2006. Katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, juu ya kisanduku cha kulipia chai, ambapo kila mtu alilipa bila kusimamiwa, wiki moja palibandikwa maua, iliyofuata macho. Wiki za macho, malipo yalikaribia mara tatu. Habari tamu, ila jaribio lilifanyika katika chumba kimoja tu! Uchambuzi wa majaribio mengi, wa 2017, haukuona picha hizo zikiongeza ukarimu.

Macho ya kweli ni habari nyingine. Huko California, wakazi walioombwa kujiunga na mpango wa kuzuia umeme kukatika walijitokeza karibu mara tatu zaidi pale karatasi ya kujiandikisha ukumbini ilipoonyesha majina yao badala ya namba zisizomtambulisha mtu. Majirani walikuwa wanayasoma majina hayo.