Je, Wajua? Haibridi Ikiishiwa Petroli, Betri Haikufikishi Sheli

Waulize wauza magari ya mtumba kutoka Japani swali moja: haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota na betri ya umeme, ikiishiwa mafuta njiani, inakuwaje? Wa kwanza atakuambia, "Bosi, hapo huna wasiwasi, inahamia yenyewe kwenye umeme, unateleza nayo taratibu mpaka sheli." Wa pili atashtuka: usithubutu, betri kubwa inakufa palepale, na betri mpya ni mamilioni. Wa tatu atasema hilo ni gari kama gari lolote, unamimina lita moja ya kidumu, unawasha, unaondoka. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Hakuna hata mmoja atakayekuonyesha kimeandikwa wapi, maana kitabu cha gari, kama kilikuja nalo, ni cha Kijapani.

Jibu fupi ni hili. Toyota Aqua au Prius ya kawaida, ile isiyochomekwa kwenye umeme, petroli ikikata itajikongoja kwa betri kilomita moja hivi, pengine mbili kama njia ni tambarare na hukimbizi, kisha itasimama. Betri haifi palepale. Lakini ukiilazimisha kutembea mpaka chaji ya mwisho, hata ukiletewa petroli ya kujaza tangi inaweza kugoma kuwaka. Hilo la mwisho ndilo linalohitaji maelezo.

Historia haina haja ya kurefushwa. Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, nchi nyingine zikaipata kuanzia 2000. Aqua, mdogo wake, ilitoka Desemba 2011. Zikishatumika huko zinavuka bahari, na leo ukiita teksi ya mtandao Nairobi au Dar es Salaam usishangae ikija mojawapo, kimya, redio ikikukaribisha kwa Kijapani.

Kosa la yule muuzaji wa kwanza linaanzia machoni. Gari linarudi nyuma yadini bila injini kulia. Linatoka getini kimya. Kwenye dashibodi kuna kitufe kimeandikwa EV. Mtu yeyote angehitimisha kwamba humo ndani mna magari mawili, la petroli na la umeme, na hili likichoka lile linapokea kijiti. Hitimisho lina mantiki kabisa. Linaangushwa na hesabu.

Tuipige kwa uniti, zilezile unazonunua kwa tokeni za LUKU. Betri kubwa ya Aqua ikiwa mpya inabeba uniti 0.94 hivi. Ya Prius ya kizazi cha 2, iliyotoka 2003, inabeba 1.3. Lita moja ya petroli ina joto la takriban uniti 9, na hata injini ikiambulia theluthi yake tu, hizo ni uniti 3 za kusukuma magurudumu. Kwa hiyo betri nzima ya Aqua, ambayo muuzaji anaisifu huku akipigapiga kiti cha nyuma, inafanya kazi sawa na petroli ya kujaza chupa ndogo ya soda. Tangi lenyewe ni lita 36.

Na hiyo chupa huruhusiwi kuinywa yote. Betri za nikeli za aina hii hudumu miaka mingi zikikaa katikati, na huchakaa haraka zikijazwa hadi juu au kukaushwa hadi chini. Kompyuta ya gari kwa hiyo huiweka chaji kati ya asilimia 40 na 80 hivi, na muda mwingi hucheza karibu na 60. Siku petroli inapokata, kilichopo juu ya kile kiwango cha chini ni sehemu ya tano ya betri, yaani uniti 0.2 au pungufu. Aqua ina uzito unaozidi tani moja kidogo. Ikitambaa mjini inakula kama uniti 0.13 kwa kilomita. Gawanya mwenyewe, kisha ukumbuke kwamba kompresa ya AC inakula kwenye betri hiyohiyo, na mlima wowote unaukata umbali huo vibaya. Kile kitufe cha EV nacho hakiongezi hata mita moja: hujizima chenyewe chaji ikishuka au mwendo ukizidi wa mjini.

Ili kuona kwa nini betri ndogo kiasi hiki inatosha kuendesha gari miaka kumi lakini haitoshi kulifikisha sheli, mfikirie wakala wa pesa za simu. Kutwa nzima pesa nyingi zinapita mikononi mwake, huyu anaweka, yule anatoa, na mpita njia anaweza kumdhania tajiri. Kumbe floti yake ni laki chache tu, ila haitulii. Betri ya haibridi ni floti hiyo. Gari likiondoka kwenye foleni, linatoa. Ukikanyaga breki, linaweka. Injini ikiwa na nguvu ya ziada kwenye mteremko au mwendo wa wastani, linaweka tena. Mzunguko ni mkubwa, salio ni dogo. Na ukiufuatilia mtaji mpaka ulikotoka, wote ulitoka kwenye petroli: hata umeme wa breki, ambao matangazo huusifu kana kwamba umedondoka kutoka mbinguni, ni mwendo ulioshanunuliwa kwa petroli, sehemu yake ikarudishwa. Petroli ikikata, wateja wa kuweka wameisha. Wamebaki wa kutoa.

Sasa wakala mwenye akili, floti ikishuka, hampi mteja wa mwisho hadi shilingi ya mwisho. Anabakiza nauli ya kwenda benki kuongeza. Akiigawa na nauli, kibanda kinafungwa hata kama pesa yake imejaa benki. Kwenye haibridi, nauli hiyo ni umeme wa kuzungusha injini ili iwake.

Gari la kawaida lina stata inayolishwa na betri ndogo ya volti 12. Aqua na Prius hazina stata hiyo, wala hazina alteneta. Injini inazungushwa na mota iliyo ndani ya giaboksi, ambayo pia ndiyo jenereta. Kwenye vitabu vya Toyota inaitwa MG1. Mota hiyo inakula umeme wa betri kubwa, volti 144 kwenye Aqua na 201.6 kwenye Prius ya kizazi cha 2. Betri kubwa inachajiwa na injini, injini inawashwa na betri kubwa, na hakuna mlango wa nyuma. Betri ndogo ya volti 12 ipo, lakini kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga swichi za umeme mkubwa, basi. Ukiibusti kutoka gari la jirani, taa zote za dashibodi zitawaka vizuri na injini haitazunguka hata nusu mzunguko. Kusukuma ni kazi bure, hakuna klachi ya kuachia. Inabaki bredauni, mpaka kwa fundi mwenye chaja ya betri kubwa, na mafundi wa namna hiyo hawako kila kona.

Watengenezaji walilifikiria jambo hili. Kompyuta hukata mwendo kabla betri haijaisha kabisa, ili nauli ibaki. Anayeila ni dereva. Gari likisimama anazima, anabonyeza tena kitufe cha kuwasha, linakubali kusogea mita kadhaa, anafurahi, linasimama, anarudia. Kila akibonyeza, mota inajaribu kuzungusha injini kavu, na injini hiyo si nyepesi.

Namna gari linavyotambua kwamba mafuta yamekwisha inastahili kutajwa, maana halisubiri kuambiwa na geji. MG1 inaizungusha injini kwa kasi, plagi zinapiga cheche, kisha kompyuta inapima: mota bado inasukuma, au sasa inasukumwa? Injini ikishika moto huongeza mzunguko yenyewe, na papo hapo MG1 inaacha kuwa mota inakuwa jenereta. Isiposhika, mota inaendelea kuburuza chuma kitupu. Majaribio yakishindikana, kompyuta inawasha pembetatu ya onyo, inapunguza nguvu, na kukuachia ile kilomita ya kutafuta pa kuegesha. Wakati huo usukani na breki bado vinafanya kazi, kwa kuwa ni vya umeme. Ni afadhali hiyo kuliko magari mengi ya zamani, ambayo injini ikizima usukani unakuwa mzito papo hapo.

Si haibridi zote zinafanana, na hapa ushauri wa jumla unapotosha zaidi. Nissan Note e-Power, iliyoingia sokoni Japani Novemba 2016, magurudumu yake yanazungushwa na mota ya umeme peke yake, saa zote. Injini ya petroli haigusi gurudumu, inazalisha umeme tu. Ukimwambia mtu hivyo atasema basi hilo ni gari la umeme. Betri yake ni uniti 1.5 hivi. Bila petroli nalo halifiki mbali. Honda za mfumo wa zamani wa IMA zina mota iliyofungwa kwenye shafti ya injini yenyewe, hivyo kimoja kikizunguka na kingine kinazunguka. Huko hata ile kilomita usiitarajie. Upande wa pili zipo haibridi zinazochomekwa kwenye umeme. Mitsubishi Outlander PHEV ya 2013 ilikuja na betri ya uniti 12, na hiyo, kama uliichaji, itakwenda makumi ya kilomita bila tone la petroli. Kwa gari hilo muuzaji wetu wa kwanza yuko sahihi. Pengine hata maneno yake aliyasikia kwa mtu aliyekuwa akizungumzia gari la aina hiyo.

Marekani walikuwa na kituko chao. Prius za mwanzo zilizouzwa huko zilikuwa na mfuko laini ndani ya tangi, unaotanuka petroli ikiingia na kusinyaa ikitumika, ili mvuke wa mafuta usitoroke hewani. Wazo safi kwa mazingira. Ila mfuko ukipata baridi ulikakamaa na kupokea mafuta pungufu, na geji nayo ikawa haiaminiki, kiasi kwamba wapo walioishiwa mafuta huku geji ikionyesha bado yapo. Kizazi cha 3 kiliuacha mfuko huo.

Likikukuta, zima AC, tafuta pa kusimama mapema wakati gari bado lina uhai, weka P. Usisubiri ukiwa kwenye N, kwa sababu kwenye N betri kubwa haichajiwi hata injini ikiwa inanguruma (hilo lifahamike pia kwa wanaopenda kuweka N kwenye foleni ndefu AC ikiwa imewashwa). Zima kabisa, acha kubonyezabonyeza. Mafuta yakija yawe lita kadhaa. Lita moja ya yule muuzaji wa tatu huenda ikatosha barabara ikiwa sawa, lakini gari likiinama kidogo petroli inakimbilia kona moja ya tangi, pampu inanyonya hewa, na jaribio la kwanza, lenye thamani kuliko yote, linapotea. Na usikubali kuvutwa kwa kamba mwendo mrefu magurudumu ya mbele yakiwa chini. Mota ya pili, ile kubwa inayosukuma gari, imeunganishwa nayo moja kwa moja, magurudumu yakizunguka na yenyewe inazunguka na kuzalisha umeme unaoweza kuleta madhara.

Madhara hutegemea. Kuishiwa mara moja, ukasimama mapema, kwa kawaida hakuachi alama. Pampu ya mafuta hupozwa na petroli inayoizunguka, kwa hiyo kuiendesha kavu mara kwa mara kunaifupishia maisha, kama ilivyo kwenye gari lolote. Betri ndiyo yenye mashaka zaidi ikiwa imezeeka. Ya Aqua ina seli 120 zilizofuatana kwenye msitari mmoja, na betri ikikaushwa sana seli dhaifu huisha kwanza, kisha wenzake wanaendelea kuupitisha umeme ndani yake hadi inageuka kinyumenyume na kuharibika. Muuzaji wa pili, yule wa mamilioni, alikuwa ameshika hapo, isipokuwa aliruka hatua zote za katikati.

Pesa nyingi hupotea baada ya petroli kupatikana. Gari limewaka, pembetatu haijazimika, mwenye gari anarudi yadini au kwenda gereji, anaambiwa betri imekufa. Huenda kweli, huenda hapana, na gari lenyewe limeshaandika jibu, kwa namba za hitilafu ndani ya kompyuta yake. Kwenye Prius ya kizazi cha 2, P3190 ni injini kutokuwa na nguvu, P3191 ni injini kutowaka, na P3193 maana yake ni mafuta yameisha, neno kwa neno. Betri kubwa ikichoka namba yake ni nyingine kabisa, P0A80. Namba hizo zinasomwa kwa mashine ndogo inayochomekwa chini ya usukani, na taa hufutwa kwa mashine hiyohiyo. Ukiambiwa bei ya betri, omba kwanza uone kioo cha mashine. Kikiwa na P3193 peke yake, ulichokuwa unadaiwa ni petroli, na umeshainunua.