Sosi ya kitunguu saumu na giligilani: maswali na majibu kwa wapishi wa Kigoma

Mvua zikishakolea, mafungu ya giligilani hujaa Soko la Mwanga, na mtu hutamani kusaga sosi ya kutosha mwezi mzima. Kusaga saga. Kwenye kuihifadhi ndiko kwenye hatari.

Sosi inatengenezwaje?

Chukua fungu la giligilani, punje 4 za kitunguu saumu, ndimu 2, pilipili, chumvi na vijiko 3 vya mafuta ya alizeti. Twanga kwanza kitunguu saumu na chumvi, kisha kiache dakika 10 hivi. Kikipondwa ndipo hutokea alisini, ile kemikali yenye harufu kali. Tia majani na pilipili, twanga tena, kamulia ndimu, malizia kwa mafuta. Mawese pia yanafaa ukiyapasha kidogo, na yale mekundu yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa migebuka wa kukaanga, mimi napendelea ya mawese.

Majani yaoshwe kwa maji gani?

Yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya kutibu maji, kwa sababu majani haya hayapikwi. Maji yanayochotwa moja kwa moja ziwani hayafai. Mwaka 2015 kipindupindu kiliua watu Kagunga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Usitegemee ndimu iue vijidudu.

Naweza kuijaza chupani na kuiweka kabatini?

Hapana, na hapa naomba tuelewane vizuri. Kitunguu saumu hukua ardhini, na udongo una mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu hizo hazidhuru mtu mzima mwenye afya akizila. Lakini ukizizamisha ndani ya mafuta, mahali pasipo hewa, pasipo ukali (uchachu kama wa ndimu) wa kutosha, kwenye joto kama la Kigoma, huamka na kutengeneza sumu inayopoozesha misuli. Mwaka 1985, mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa sababu ya kitunguu saumu cha kwenye mafuta kilichokaa nje ya friji.

Mwenye friji aiweke humo mara tu anapomaliza kusaga, aile ndani ya siku 4. Akitaka ikae zaidi, aigandishe kwenye friza. Asiye na friji asage ya mlo mmoja tu, itakayobaki aimwage. Najua kumwaga chakula kunauma, ndiyo maana nasema asage kidogo.

Nikiongeza ndimu au siki je?

Ukali huzuia bakteria huyu, ila kipimo cha kukisia hakitoshi. Vipande vya kitunguu saumu hunyonya ukali polepole, na nyumbani hatuna kifaa cha kuupima. Tia ndimu kwa ajili ya ladha.

Si nitaijua kwa harufu ikiharibika?

Sumu hii haina harufu wala ladha. Sosi inaweza kunukia vizuri kabisa na bado ikakulaza hospitalini. Usionje ili kujaribu.

Dalili ni zipi?

Mara nyingi huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula, japo zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope hulegea, ulimi huwa mzito na kumeza huwa shida. Kisha udhaifu hushuka mikononi na miguuni, na kupumua kunaweza kukwama. Kwa kawaida hakuna homa, kwa hiyo usisubiri mwili uchemke. Mpeleke hospitali haraka (kwa walio mjini, Maweni) na ubebe sosi iliyobaki, ikiwa imefungwa vizuri.

Nina presha. Je, sosi hii inatosha badala ya vidonge?

Haitoshi. Endelea na dawa zako, na punguza chumvi kwenye sosi. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, azungumze na daktari wake kabla ya kuanza kula kitunguu saumu kingi kila siku, maana kinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.