Bibi aliuliza kama mashine itaona anachowaza mjukuu wake

Mbukwa jamani. Juzijuzi aliingia bibi mmoja kwenye chumba chetu cha kipimo cha EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, hapa Dodoma, katokea huko Chamwino na mjukuu wake wa kiume, miaka nane, darasa la pili, barua ya daktari inasema mtoto anazubaa ghafla. Shuleni wanamwita mvivu, mwalimu akimuuliza kitu anakodoa macho tu hajibu, ashachapwa kwa hilo sijui mara ngapi, na nyumbani kuna aliyesema mtoto karogwa. Basi mimi nipo namsugua kichwa nambandika vile vikombe vidogo vya chuma na jeli yake ya baridi, viko 21, bibi akanisogelea akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa mwanangu, hiyo mashine yako itaona anachowaza?"

Nikamwambia hapana bibi, haioni hayo. Lakini swali lake limenikaa kichwani maana siku hizi video za chipu, vile vifaa vidogo vya umeme vinavyopandikizwa kwenye ubongo, zimezagaa WhatsApp, watu wanaogopa vitu ambavyo havipo halafu vilivyopo hawavijui. Kwahiyo leo naandika jibu refu.

Ubongo wa mtu mzima una seli za fahamu kama bilioni 86. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote unayotumia ukiwa umetulia. Hizo seli zinaongea lugha mbili. Ndani ya seli ni umeme, kati ya seli na seli ni kemikali. Na huo umeme sio kama wa kwenye nyaya za nguzo, ni chembechembe za chumvi, sodiamu na potasiamu, zinapita kwenye vimilango kuingia na kutoka, milango ikifunguka hapa inasukuma ya jirani ifunguke, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mshipa wa fahamu.

Spidi yake inatofautiana sana. Mishipa yenye kasi kubwa inafika mita 120 kwa sekunde, ukipiga hesabu ni zaidi ya kilomita 400 kwa saa, SGR yetu ya 160 inaachwa mbali. Ila mishipa mingine inayobeba maumivu inaenda kama mita moja kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Ushawahi kujikwaa kidole cha mguu kwenye jiwe? Unajua kabisa "nimejikwaa", unapata na muda wa kusema "mamaaa", halafu maumivu yenyewe ndio yanawasili. Ni ujumbe wa aina mbili ulioondoka pamoja, mmoja umepanda treni mwingine unatembea kwa miguu.

Sasa umeme ukifika mwisho wa seli unakuta korongo. Seli nyingi hazigusani, kuna upenyo wa kama nanomita 20, unywele mmoja ni mnene kuliko huo mara maelfu. Umeme hauruki hapo, inabidi seli imwage kemikali zivuke ng'ambo. Aliyeonyesha hili vizuri ni Otto Loewi mwaka 1921, alichukua mioyo miwili ya vyura inayodunda, akashtua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, moyo ukapunguza mapigo, akachota maji yaliyouzunguka akayaweka kwenye moyo wa pili, na wenyewe ukapunguza. Hakuna waya wala nini, ni maji tu. Mwenyewe alisimulia kuwa wazo la jaribio lilimjia ndotoni. Mwaka 1936 akapewa Nobel pamoja na Henry Dale.

Kemikali ile ndio tunaita asetilikolini, na nyie wenye mashamba ya zabibu na nyanya inawahusu moja kwa moja. Ikishavuka korongo na kufikisha ujumbe kuna kimeng'enya kinaifagia ili njia ibaki safi. Dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti zinamfunga mikono huyo mfagiaji. Matokeo yake ujumbe unarudiwa na kurudiwa bila kukoma, ndio unaona mtu aliyepuliza dawa bila kujikinga anatokwa mate, machozi, jasho, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini, misuli inachezacheza, mwisho pumzi inamshinda. Huyo hahitaji maziwa. Anahitaji kuvuliwa nguo zenye dawa, kuoshwa na kukimbizwa hospitali, na chupa ya dawa mje nayo.

Turudi kwa mjukuu wa bibi. Vile vikombe vya kichwani havisikii seli moja moja, vinasikia maelfu kwa maelfu zikipiga kelele kwa pamoja, tena kupitia fuvu na ngozi. Betri moja ya rimoti ina volti 1.5, sisi tunasoma sehemu za milioni za volti moja. Ndio maana nakuwa mkali chaja za simu zisichomekwe karibu, umeme wa ukutani unaingia kwenye mchoro na mawimbi yake 50 kwa sekunde unaharibu kila kitu. Ni kama umesimama mbali na mnada wa Msalato, unajua leo kumechangamka au kumepoa, lakini mbuzi wa nani kauzwa shilingi ngapi hujui. Mjerumani Hans Berger ndiye aliyerekodi mawimbi haya kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, na mpaka leo kitu kilekile alichokiona tunakiona kila siku, mtu akifumba macho mawimbi ya nyuma ya kichwa yanapanda kwa mpangilio, kama 10 kwa sekunde, akifumbua yanatawanyika.

Nikamwambia mtoto apulize kikaratasi nilichokishika mbele yake, apulize kwa nguvu bila kuacha. Hii kwa dakika tatu hivi ni sehemu ya kipimo. Dakika ya kwanza anapuliza anacheka. Ya pili akaacha. Macho wazi, mdomo wazi, kikaratasi kimetulia. Kwenye skrini mistari yote ikaruka kwa pamoja, mlima na bonde, mlima na bonde, mara tatu kila sekunde. Nikamwambia "maboga". Baada ya sekunde kama kumi na mbili akaendelea kupuliza kama hakuna kilichotokea. Nikamuuliza, nimekwambia neno gani hapo katikati? Akanishangaa, neno gani? Bibi akasema, "Eeh, hivyohivyo ndio anavyofanyaga."

Hicho ni kifafa, tena aina ambayo haiangushi mtu wala haitoi povu. Seli ambazo kawaida kila moja ina stori yake zimeamua kuimba wimbo mmoja na mtoto anakuwa hayupo. Fimbo haikuwa inamkuta. Dawa zipo, ila sio kila dawa ya kifafa inafaa kwa aina hii na nyingine zinazidisha tatizo, kwahiyo usimwazime mtoto vidonge vya jirani.

Sasa hizo chipu. Fuvu linazima sauti, kwahiyo wenzetu wameamua kuingia ndani. Mwaka 2004 Matt Nagle wa Marekani, aliyepooza kuanzia shingoni, aliwekewa kwenye ubongo kifaa chenye elektrodi 96, yaani vincha vidogo vya kunasa umeme, akaweza kusogeza mshale wa kompyuta kwa kukusudia tu. Januari 2024 kampuni ya Neuralink ikamwekea Noland Arbaugh kifaa chenye elektrodi 1,024, akacheza chesi bila kugusa kitu, ila baadaye baadhi ya nyuzi zikachomoka kwenye ubongo ikabidi warekebishe programu. Hiyo sehemu kwenye video za WhatsApp huwa haipo. Mwaka 2023 mwanamke ambaye ugonjwa ulimwondolea uwezo wa kuongea vizuri aliweza kutoa maneno 62 kwa dakika kupitia mashine.

Angalia lakini inasoma nini. Inasoma ule mpango wa kusogeza mkono au mdomo, kwa mtu anayejitahidi kusogeza, baada ya kukaa nayo masaa na masaa akiifundisha. Siri yako ya moyoni haimo humo. Hata hivyo Chile mwaka 2021 walibadili katiba yao kulinda taarifa za ubongo na mimi naona wako sahihi, sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na ningependa watu waanze kuuliza mawimbi ya ubongo yanakaa wapi humo.

Na msidhani ni mambo ya ughaibuni tu. Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya kusikia mwaka 2017, ile ni elektrodi inayoongea na mshipa wa fahamu wa sikio kwa umeme, mtoto aliyezaliwa kiziwi anaanza kusikia.

Ukiandikiwa kipimo chetu, mfumue mtoto nywele usiku wa kuamkia kipimo, umuoshe, mafuta usimpake kabisa. Ale kama kawaida, dawa zake asiache mpaka daktari aseme. Hakipigi shoti, hakichomi, na mtu kuja kupima ubongo haimaanishi anapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Na siku akizubaa au akidondoka nyumbani, aliyedondoka mlaze kwa ubavu, kijiko usimtie mdomoni, povu haliambukizi, zikipita dakika tano hajatulia tafuta usafiri. Kama mko wawili mmoja arekodi kwa simu. Kavideo ka sekunde thelathini mara nyingine kananisaidia kuliko mashine yangu yote.