Sheria ya Habari Mtandaoni: Dhana Nne Zinazowaponza Wanafunzi

Kila msimu wa tasnifu unapofika hapa Dar es Salaam, napokea rasimu zilizotoka moto moto kwenye stationery za Sinza na Ubungo, tanbihi zimejaa anuani za tovuti. Nyaraka hazikosekani siku hizi. Kinachokosekana ni kujua kama nyaraka husika bado ina nguvu ya sheria.

Dhana: sheria inayopatikana mtandaoni ndiyo inayotumika. Mwaka huu nilisoma rasimu ambayo sura yake ya pili nzima ilisimama juu ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, ikinukuliwa kifungu kwa kifungu, "sheria inasema" hapa, "sheria inataka" pale. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Huduma za Habari, Na. 12 ya mwaka 2016, ambayo nayo ilirekebishwa mwaka 2023, lakini faili la PDF halijitangazi kwamba limepitwa na wakati. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zina mkasa uleule, kwa kuwa zile za mwaka 2018 zilifutwa na za mwaka 2020, nazo zikarekebishwa mwaka 2022. Halafu kuna miswada, ambayo ukiipitia haraka haraka hutaitofautisha na sheria. Tazama ukurasa wa kwanza kama una namba ya sheria na tarehe ambayo Rais aliridhia.

Dhana: Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilivifuta vifungu vya uchochezi. Hili nalikuta karibu kila mwaka, na chanzo chake ni kusoma vichwa vya habari bila kuifungua hukumu. Tarehe 28 Machi 2019, katika shauri Na. 2 la mwaka 2017 lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na wenzake, mahakama hiyo ilitamka kuwa vifungu kadhaa vya sheria ya mwaka 2016, vikiwemo vya kashfa na uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, ikaielekeza Tanzania kuchukua hatua za kuioanisha sheria hiyo na Mkataba. Kuvifuta au kuvirekebisha kulibaki kuwa kazi ya Bunge.

Dhana: kesi maarufu ni kesi inayotufunga. Shauri la New York Times dhidi ya Sullivan la mwaka 1964, lililohusu kashfa kwenye gazeti, linasimama juu ya Katiba ya Marekani. Mwanafunzi wa Tanzania aanze na ibara ya 18 ya Katiba yetu, inayohusu uhuru wa maoni, asiiruke ibara ya 30 inayohusu mipaka ya haki, kisha alinganishe akitaka.

Dhana: programu ya akili unde ikitaja kesi, kesi ipo. Mwezi Juni 2023, jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na programu ya namna hiyo. Kwetu kuhakiki ni bure: hukumu zinapatikana TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, zikiwa na alama ya TZCA kwa Mahakama ya Rufani na TZHC kwa Mahakama Kuu, na mwanafunzi akishaifungua hukumu anapaswa kushuka hadi kwenye aya anayoinukuu.

Rasimu ile ya sheria ya mwaka 1976 ilirudi mezani kwangu baada ya siku nne. Sura ya pili imebaki, ila sasa inaitwa "Historia", na kila "inasema" imekuwa "ilisema".