Kigoda cha kwanza acha kianguke

Mchakato wa usanifu, yaani wa kubuni kitu kinachomfaa mtumiaji, ukifundishwa ubaoni huishia kwenye daftari. Zile hatua tano zilizotangazwa sana na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani (kumwelewa mtumiaji, kufafanua tatizo, kuzalisha mawazo, kutengeneza mfano, kujaribu) mwanafunzi huzikariri kwa dakika chache na kuzijibu vizuri kwenye mtihani. Mwambie sasa atengeneze kitu, utamwona anarukia wazo lake la kwanza na kuling'ang'ania hadi mwisho.

Ndiyo maana napenda kuwapa wanafunzi, kwa makundi, mradi wa kutengeneza kigoda cha maboksi. Masharti ni mawili: kimbebe mtu, na kisiwe na gundi wala msumari.

Kila kundi lina mtumiaji wake, mtu halisi wanayeweza kumfuata na kumhoji. Wakiachiwa wenyewe watamuuliza, "Ungependa kigoda kizuri?" Nani atakataa? Nawataka waulize yaliyokwisha kutokea: jana ulikaa wapi ulipokuwa ukisoma, uliinuka kwa sababu gani, mgongo ulianza kuuma saa ngapi. Majibu wanayafupisha kuwa sentensi moja ya tatizo. Nikiona suluhisho limejipenyeza humo, kama vile "anahitaji kigoda cha miguu minne", nairudisha.

Michoro haichukui muda. Kila mmoja anachora kadhaa, mibaya ikiwemo, kundi linachagua, tunaingia kazini.

Utamu uko kwenye kukata. Vigoda vya kwanza, vingi hujikunja miguu mara tu mtu anapokaa, na kauli ya haraka ni "tuongeze boksi." Hapo nawaambia wakate kipande na kuchungulia ukingo wake. Wataona karatasi mbili bapa, na katikati yake karatasi ya mawimbi. Wakisimamisha kipande ili mifereji ya mawimbi ielekee juu, kisha wakikandamiza kwa kiganja, kinakaza. Wakikigeuza ili mifereji ilale, kinakunjika kirahisi. Boksi ni lilelile, kilichobadilika ni mwelekeo tu. Ningeweza kuwaeleza hayo mapema, lakini wakati huo yasingekuwa jibu la swali lolote walilonalo.

Viungo navyo vina mambo yake. Vipande viwili vinavyopishana hukatwa mwanya kila kimoja, hadi nusu ya kimo chake, na upana wa mwanya uwe sawa na unene wa boksi. Ukiwa mpana, kigoda kinayumba. Ukiwa mwembamba, boksi linapondeka na kupoteza nguvu palepale linapohitajika.

Rangi napiga marufuku hadi majaribio yaishe. Kundi likishapamba kigoda chake, hakuna atakayekubali kukigusa kwa kisu tena, hata kikiwa kinalalia upande.

Alama nyingi natoa kwa tofauti kati ya kigoda cha kwanza na cha pili. Daftari la mradi lionyeshe kilivunjikia wapi, walidhani sababu ni nini, na walibadilisha nini. Nasisitiza wabadilishe jambo moja kwa kila jaribio. Wakigeuza miguu na kupanua kiti kwa pamoja, hawatajua kilichosaidia ni kipi. Vipindi vikibana, napunguza muda wa kuchora. Muda wa kujaribu mara ya pili siugusi, kwani mradi unaoishia kwenye jaribio moja ni kazi ya mikono tu, ingawa picha zake zinaweza kupendeza.

Kuna kundi ambalo kigoda chake kitasimama siku ya kwanza na wenyewe watajiona wamemaliza. Hao nawarudisha kwa mtumiaji wao: anaweza kukibeba kwa mkono mmoja? Kimo kinamfaa? Kisha nawapa kisu waanze kupunguza boksi kidogo kidogo, wakikalia kila baada ya kukata, hadi kikubali kuanguka na wajue ni kipande gani hasa kilichokuwa kikibeba uzito.