Figo Hazingoji Kiuno Kianze Kuuma: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Ugonjwa wa Figo

Mtu akiamka na kiuno kinachouma, mara nyingi jambo la kwanza analoambiwa na jirani ni kwamba figo zake zimeanza kuharibika. Ukweli ni kwamba maumivu mengi ya kiuno hutokana na misuli na pingili za uti wa mgongo, ilhali figo zimekaa juu zaidi, nyuma ya tumbo, zikikingwa na mbavu za mwisho. Mawe ya figo huuma, na maambukizi ya bakteria huuma pia. Lakini ugonjwa sugu wa figo, ule unaowafikisha watu kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida hauumi hata kidogo. Dhana hii basi humtisha asiye mgonjwa na kumtuliza aliye mgonjwa.

Wengine hujipima kwa mkojo, wakisema kwamba maadamu wanakojoa vizuri, figo zao ni nzima. Kila siku figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha mwilini karibu yote, na kinachobaki, yaani lita moja hadi mbili, ndicho mkojo. Figo iliyodhoofu inaweza kuendelea kutoa maji kwa wingi huku ikishindwa kutoa sumu zinazopaswa kutoka pamoja nayo. Aidha, kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja, na vinavyosalia hubeba mzigo wa vile vilivyokufa, hivyo mtu huendelea na shamba lake au duka lake bila kuhisi lolote hadi sehemu kubwa ya uwezo imekwisha kupotea. Kuvimba miguu, kichefuchefu na kuwashwa ngozi aghalabu huja mwishoni.

Kinachosema kweli ni vipimo viwili visivyo na makuu. Kimoja ni cha damu, hupima kreatinini, yaani taka itokayo kwenye misuli ambayo figo huiondoa, na kutokana nayo daktari hukadiria kasi ya uchujaji kwa kuzingatia umri na jinsia. Mzee aliyekonda anaweza kuwa na kreatinini inayoonekana ya kawaida ilhali figo zake zimechoka, kwa kuwa misuli yake ni kidogo. Kingine ni cha mkojo. Ukanda mwembamba huchovywa kwenye kikopo, na baada ya muda usiozidi dakika moja hivi kijimraba cha njano hugeuka kijani iwapo protini inavuja. Kijani hicho huweza kuonekana miaka mingi kabla ya dalili yoyote, na kwa mwenye kisukari kipo kipimo cha albumini, aina ya protini ya damu, kinachogundua hata uvujaji mdogo ambao ukanda huo hauoni.

Dhana inayoniuma kuliko zote ni ile inayodai kwamba dawa za presha na za kisukari ndizo zinazoua figo. Naelewa inakotoka: watu humwona mgonjwa aliyemeza vidonge kwa miaka kumi akiishia kwenye mashine, nao hulaumu vidonge. Kilichomfikisha huko ni presha na sukari zenyewe, ambazo ndizo visababishi vikuu vya ugonjwa sugu wa figo duniani, kwa kuwa huharibu mishipa myembamba ya damu ambayo ndiyo kichujio chenyewe. Dawa za presha kama enalaprili na losartani hupunguza msukumo ndani ya kichujio na kuzuia protini isivuje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001, uliohusisha wagonjwa 1,513 wa kisukari cha aina ya pili ambao figo zao zilikuwa zimekwisha kuathirika, ulionyesha kwamba losartani ilipunguza uwezekano wa figo kushindwa kabisa kazi kwa asilimia 28. Ni kweli kwamba dawa hizi zinahitaji kufuatiliwa, kwa sababu kreatinini huweza kupanda kidogo mwanzoni na potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, nayo hupanda, na hazifai kwa mjamzito. Lakini hayo ni mambo ya kumwona daktari, si sababu ya kuziacha. Mzee anayeweka vidonge vyake kwenye kikombe kabatini na kuvimeza siku kichwa kinapomgonga tu, presha ikiwa 180 kwa 110 siku nyingine zote, anazipoteza figo zake akijiona mzima.

Mara nyingi mtu huyo huyo anayeogopa kidonge cha presha hununua dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni dukani bila kuuliza, akameza wiki nzima kwa ajili ya magoti. Dawa hizo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mzee, kwa mwenye presha na kwa aliyeishiwa maji mwilini.

Kuhusu maji, wengi huamini kwamba kunywa kwa wingi husafisha figo na hata kuziponya. Utafiti wa Canada uliotolewa mwaka 2018, uliofuata wagonjwa 631 wa figo kwa mwaka mmoja, haukuona kwamba waliohimizwa kunywa maji zaidi walihifadhi figo zao kuliko wengine. Maji ya kutosha ni muhimu kwa kila mtu, na humsaidia sana mwenye mawe. Ila anayesafishwa damu na ambaye hakojoi tena hupimiwa maji yake, kwani yanayozidi hujaa mapafuni. Madafu nayo, ambayo pwani husifiwa kuwa tiba ya figo, yana potasiamu nyingi, na potasiamu isiyopata njia ya kutoka huweza kusimamisha moyo. Mabirimbi, yale matunda chachu ya kijani, ni chakula kizuri katika achari na mchuzi, lakini juisi yake nzito imejaa asidi ya oksaliki: huko Kerala, India, madaktari wameripoti watu waliopata kufeli ghafla kwa figo baada ya kuinywa kama dawa.

Husemwa pia kwamba anayewekwa kwenye mashine hatoki hai. Aliyefeli figo ghafla kwa malaria kali au kwa kupoteza damu nyingi wakati wa kujifungua mara nyingi hupona na kuachana na mashine. Mwenye ugonjwa sugu huihitaji kwa kawaida mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, isipokuwa apate figo ya kupandikizwa, huduma ambayo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliianza mwaka 2017. Hapo ndugu huogopa kwamba anayetoa figo hujikatia maisha. Anayekubaliwa kutoa huwa amepimwa kwa makini, na figo inayobaki hukua na kuongeza kazi. Desemba 1954, mjini Boston, Ronald Herrick alimpa pacha wake figo katika upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa. Ronald aliishi miaka 56 zaidi, hadi 2010, akiwa na umri wa miaka 79.