Kwa nini gitaa moja la Mwenda Jean Bosco husikika kama mawili?

Niliposikia wimbo wake "Masanga" kwa mara ya kwanza, niliapa wapigaji ni wawili: mmoja anatembeza besi, mwenzake anadonoadonoa nyuzi nyembamba kama kuku kwenye mchele. Kumbe ni mtu mmoja na gitaa lake kavu, lisilo la umeme. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, Katanga, huko Kongo, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 mjini Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Na mkono wake wa kulia ulifanya kazi kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada.

Gumba linamiliki nyuzi nene tatu, shahada nyembamba tatu. Gumba linapiga mapigo yasiyoyumba, shahada inachomekea katikati yake. Yaliyobaki yanafanyika kichwani mwako wewe msikilizaji. Sauti nzito na nyembamba zikipishana upesi, ubongo unakataa kuziunga kuwa tuni moja; unazigawa, kila kundi na mwenyewe. Wapigaji wa amadinda, marimba ya mbao ya kule Buganda, wanalijua hilo vizuri: mikono ya watu wawili ikipishana, unasikia tuni ambayo hakuna hata mmoja wao anayeipiga.

Basi mbona wengi wetu tukijaribu tunasikika gitaa moja tena bovu? Kwa sababu shahada ikianza tu, gumba linasimama kuisubiri.

Dawa yake inachosha, lakini mimi sijaona nyingine. Shika kodi ya C (si ile ya serikali; ni nyuzi unazobana pamoja ili zilie kwa upatano). Piga gumba peke yake: uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne (hesabu kuanzia ule mwembamba kuliko yote). Usiongeze kidole mpaka uweze kuitikia salamu ya anayepita bila gumba kuyumba. Ndipo uchomeke uzi wa kwanza, mara moja tu, kati ya pigo la pili na la tatu. Polepole, hadi uone aibu.

Angalia pia usiuvute uzi kwa nje. Ukiuachia hivyo unarudi na kugonga vile vyuma vya shingoni, unalia pwaa. Usukume pembeni, kiganja kikiwa kimelegea.

Kisha jirekodi kwa simu, usikilize ukiwa umefumba macho. Ukisikia bado ni gitaa moja, rudi kwenye gumba.